Nondo Aliyekula Ua wa Kaloleni

Vijana wa chumba cha wadudu, siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na ombi moja: niwaandikie kidogo kazi ilivyokuwa enzi zetu. Keki tulikula wote. Saa nimeitundika, ingawa bado sijajua mtu asiye na pa kuwahi anaitumia kwa lipi. Ombi ndilo hili. Ya vyeo sitasema, kwa kuwa vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Nitawaeleza kuhusu nondo mmoja, kwa sababu mnalo jina lake kwenye kabati lenu na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza lilifikaje pale.

Nilianza kazi hapo makumbusho mwishoni mwa miaka ya sabini, na kazi niliyoomba ilikuwa ya kupiga taipu. Asubuhi niliyofika taipureta ilikuwa imeharibika. Badala ya kunirudisha nyumbani, mtaa wa Kaloleni jijini humu, karani akanipeleka ghorofa ya chini kwa Daktari Mutiso, ambaye alikuwa akitafuta mtu mwenye vidole vyepesi. Daktari alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tai ya kahawia shingoni; sikumbuki kumwona bila tai hiyo. Aliniwekea mbele kibao, pini na nondo mkavu, akaniambia nimtandaze mbawa. Nikamvunja. Akaniletea mwingine. Huyo naye nikamvunja.

“Sawa,” akasema. “Hao ni wa kuvunjwa. Wa maana nitakupa ukishazoea.”

Taipureta ilitengenezwa baadaye, lakini hakuna aliyekumbuka kuja kunichukua.

Kilichonishangaza kwanza ni harufu. Masanduku yote yalikuwa na vile vidonge vyeupe ambavyo madukani vinaitwa dawa ya nondo. Kila mama wa Kaloleni aliviweka kwenye nguo za kanisani ili nondo wasisogee. Sisi tuliviweka kwenye masanduku ya nondo, ili nondo wetu wakae salama. Nilimuuliza Daktari kama haoni kichekesho hapo. Alifikiri kwa muda, akanieleza kwamba wanaoharibu vielelezo ni mbawakawa wadogo, si nondo. Hivyo ndivyo alivyojibu vichekesho vingi, na ilinichukua muda kugundua kwamba baadhi ya majibu hayo yalikuwa ndiyo vichekesho vyenyewe.

Kabati alilolipenda kuliko mengine lilikuwa la nondo wa mbawa za kioo. Nondo wa kawaida ana unga mbawani. Ukimshika, unabaki nao vidoleni. Hawa sehemu kubwa ya mbawa zao haina unga, unaona hadi ng’ambo kama dirishani. Wanaruka mchana, wana mikanda ya manjano tumboni, na yeyote anayewaona ataapa kwamba ni nyigu. Hawana mwiba wala sumu. Wanaishi kwa sifa za watu wengine. Matokeo yake ni kwamba mwoga huwakimbia na jasiri huwapiga kwa kiatu, na kiatu hakibakishi kitu cha kuchunguza. Ndiyo maana wengi walikuwa bado hawajaelezwa na mtu yeyote.

Kumwangalia tu hakutoshi kusema ni wa aina mpya. Unakata ncha ya tumbo la dume, unaichemsha kidogo katika soda kali ya kutengenezea sabuni mpaka nyama iyeyuke, unabaki na viungo vyake vya uzazi, ambavyo kila aina ina mtindo wake. Viungo hivyo ndivyo unavyoweka chini ya hadubini na kuvichora. Siku moja mama yangu aliniuliza, mbele ya wenzake wa chama cha akina mama kanisani, huko kazini nafanya nini hasa. Nikasema nachora mikia. Wakaridhika, na wakaniombea.

Mama alikuwa akikaanga samaki nje ya nyumba yetu, kando ya ua wa miti ya miiba ya kayaba uliotutenganisha na Mzee Gathogo. Watu walikuja kununua kutoka mitaa ya jirani, Makongeni na Mbotela. Mzee Gathogo alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mtu wa kuvaa akala za tairi kutoka soko la Kariokor zilizopakwa rangi ya viatu, na ule ua alikuwa ameupanda mwenyewe. Aliukata kila Jumamosi kwa mkasi mkubwa, akirudi nyuma kuutazama kama kinyozi. Yeye na Mama walikuwa marafiki wa miaka mingi. Mama aliponizaa, mke wa Mzee, mama yake Njeri, ambaye sasa alikuwa marehemu, ndiye aliyempikia uji.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini ule ua ukaanza kufa. Haukufa wote, ulikauka tawi hapa, shina pale, na zaidi upande wa jiko la Mama. Mzee aliutazama kwa wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja akamsimamisha Mama akiwa na karai mkononi.

“Mama Risper, hii ua yangu inakufa,” akasema, akimwita kwa jina langu.

“Nimeiona, Baba Njeri. Pole.”

“Hiyo mafuta ya samaki unamwaga wapi?”

Mama aliweka karai chini. “Mafuta yangu naweza kumwaga? Mafuta ni bei gani siku hizi? Nayatumia mpaka yanakwisha.”

“Basi ni moto. Au ni maji ya chumvi. Mimi sijui. Najua ua haikuwa inakufa kabla ya samaki.”

“Samaki ziko hapa tangu Njeri akiwa mtoto.”

Mzee alirudi ndani. Alivaa koti akaenda ofisi ya mtaa kumshtaki. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kukaanga samaki nje ya nyumba hakukuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Karani wa mtaa, ambaye mwenyewe alikuwa mteja wa Mama, aliahidi kwa huzuni kwamba atakuja kuangalia. Akikuta kosa, jiko litaondolewa, na mwenye jiko akibisha ataondolewa naye. Majirani wakaanza kugawanyika. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kusema “wale” na “hawa”, na kila mtu alijua “wale” ni watu wa wapi. Mama aliendelea kukaanga, lakini aliacha kuimba.

Jumapili moja baada ya kanisa, Mzee akiwa bado huko, nilichukua kisu nikakata shina mojawapo lililokauka. Lilikuwa na shimo katikati, limejaa vumbi la mbao lenye unyevu, na ndani yake kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia, amejikunja kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Nikakata mashina mengine, nikayafunga kwa gazeti, na Jumatatu nikayatia mezani kwa Daktari.

“Ni nini?” nikamuuliza.

“Ni kiwavi.”

“Naona, Daktari. Kiwavi wa nini?”

“Hilo tutamuuliza akikua.”

Nilimweleza habari ya Mama, ya karani na ya jiko. Nilimwomba aje aseme tu kwamba ua unaliwa na mdudu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

“Risper, naweza kusema nimeona kiwavi ndani ya shina lililokufa. Mtu akiniuliza kama aliliua yeye au alihamia baadaye, nitasema sijui. Hilo litamsaidia Mama?”

“Halitamsaidia.”

“Basi tumlee.”

Nilikaribia kulia kwa hasira. Mama yangu alikuwa karibu kupoteza riziki, na mimi nilikuwa na bosi ambaye hawezi kusema jambo mpaka liote mbawa. Lakini sikuwa na mwingine. Tulisimamisha mashina katika mchanga wenye unyevu ndani ya debe la mafuta ya kupikia, tukalifunga kitambaa cha chandarua, na mimi nikawa nalichungulia kila nilipopata nafasi, kama mtu anayechungulia sufuria ya maharagwe.

Siku zikapita. Mzee Gathogo alitangaza kwamba ua ataung’oa yeye mwenyewe, atamwaga oili chafu ya gari kwenye mizizi na kuchoma chochote kitakachobaki, halafu Mama alipe mpya. Karani akasema atakuja Jumamosi mchana. Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo nilikuta kitu ndani ya debe. Ganda la kahawia lilikuwa limechomoza nusu kutoka kwenye shina, tupu, na juu ya chandarua alikuwa ametulia nyigu mweusi mwenye mikanda ya manjano na shada la nywele za rangi ya chungwa mkiani.

Nilidhani nyigu ameingia akala kiwavi wangu. Nilimwita Daktari kumpa habari mbaya. Aliinama juu ya debe na kukaa hivyo muda mrefu.

“Risper,” akasema polepole, “funga madirisha.”

Nikafunga.

“Na mlango.”

Alimtoa kwa chupa, akamtazama kwa lenzi, akaenda kwenye kabati lake akafungua sanduku moja baada ya jingine. Alitoa vitabu. Alisahau chai yake, na Daktari hakuwa mtu wa kusahau chai. Alasiri akaketi, tai ikiwa imeenda begani.

“Simjui,” akasema, na sijawahi kumsikia mtu akisema neno hilo kwa furaha namna ile. “Huyu ni jike. Nahitaji dume. Nahitaji wengi. Huo ua usiguswe na mtu.”

“Mzee anataka kuuchoma.”

“Basi Jumamosi nitakuja.”

Alikuja kweli, na tai yake, na wavu begani, akatembea kutoka barabarani huku wateja wa samaki wakimpisha wakidhani ni mkaguzi wa afya. Karani alikuwa ameshafika. Mzee Gathogo alisimama upande wake wa ua na mkasi, Mama upande wetu na mwiko, na nyuma yao watu wa mtaa, wale huku na hawa kule. Daktari alisalimia kila upande, akajieleza, kisha akaanza kuutazama ua shina kwa shina, bila haraka, mpaka watu wakaanza kunong’ona kwamba anauagua kama mganga.

Akasimama. Kwenye shina moja, ganda tupu lilikuwa limechomoza, na juu kidogo alikuwa ametulia nondo mwenyewe, mbawa zikiwaka jua.

“Buda, hiyo kitu itakuuma,” kijana mmoja akasema, akivua kiatu.

Daktari aliinua mkono kumzuia, akamchukua yule mdudu kwa vidole. “Huyu ni nondo,” akasema. “Hana mwiba.”

“Hiyo ni nyigu,” akasema Mzee Gathogo. “Mimi nimeumwa na nyigu wewe hujazaliwa.”

“Nipe mkono, Mzee.”

Sijui kwa nini Mzee alikubali. Nadhani ni kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Alinyoosha kiganja chake cha fundi, kigumu kama soli, na Daktari akamweka nondo hapo. Mdudu alitembea mpaka kwenye kidole gumba, akapepesa mbawa, akatulia. Mzee alikuwa ameuma meno, na polepole meno yakaachia.

“Sasa kata shina hilo alilotokea,” Daktari akamwambia. “Ukate wewe.”

Nikampokea nondo kwa chupa, Mzee akakata. Alitazama lile shimo, akatia kidole, akatoa vumbi la mbao, akalinusa. Kisha akakata shina bichi la pembeni yake, ambalo halikuwa na dalili ya kuumwa, na ndani akakuta kiwavi hai anakula. Akakaa nalo mkononi. Mama alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili.

Mzee hakuomba msamaha. Aligeuka kwa Daktari akauliza, “Na huyu mdudu, aliingia kutoka upande gani?”

Watu walicheka, hata karani, ambaye alipata nafasi ya kusema kwamba wadudu hawamo katika majukumu ya ofisi yake. Alinunua samaki wawili akaondoka. Daktari ndiye aliyebaki na kazi ngumu: kumwomba mtu aliyekuwa akipigania uhai wa ua wake auache uliwe.

“Mzee, nimetafuta huyu nondo katika vitabu vyote nilivyo navyo. Hayumo. Hakuna mahali pengine anapojulikana ila hapa, kwako.”

“Hapa tu?”

“Kwa sasa, hapa tu.”

Mzee aliutazama ua wake kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake mtundu amefaulu mtihani. Hakuuchoma. Tangu siku hiyo aliweka kigoda kando yake na kuulinda dhidi ya kuku, mbuzi na mimi mwenyewe nisipotoa taarifa.

Tatizo ni kwamba alitaka kusaidia. Alikuwa akinikamatia nondo kwenye chupa ya jamu na kuniletea jioni nikitoka kazini, na karibu wote walikuwa nyigu halisi. Nilijaribu kumwonyesha tofauti: nyigu ana kiuno chembamba, nondo hana kiuno. Alisema macho yake si ya kutazama viuno tena. Jumamosi moja, akiwa upande wake wa ua mkabala na jiko la Mama, nyigu alipita pembeni mwa kifuniko akamwuma kwenye kiganja kile kile. Mkono ulivimba kama mandazi. Mama alimtazama akijitahidi kutoonyesha maumivu, akaacha samaki motoni, akakata kitunguu, akapita kwenye pengo la ua, akaketi karibu naye na kumsugua.

“Baba Njeri, wewe uwaache wadudu kwa wenyewe.”

“Nilidhani ni ile yetu,” akasema.

Samaki wa siku hiyo waliungua, na kwa mara ya kwanza Mama aliunguliwa nao bila kulalamika. Jioni aliimba.

Madume tuliwapata. Nilitandaza mbawa zao mwenyewe. Wakati huo sikuwa navunja tena. Nilichora mbawa, mshipa kwa mshipa, nikachora na mikia. Tulipofika kwenye jina pakawa na mashauri. Mzee Gathogo alidokeza kwamba hangekataa. Mama aliposikia huenda likawekwa lake, alisema hataki jina lake lipewe kitu kinachokula ua wa watu. Daktari akaona salama ni kumwita kwa jina la mtaa, likavalishwa Kilatini na kutumwa kwa jarida la kisayansi la ng’ambo pamoja na maelezo na michoro yangu.

Jarida lilipotufikia, nilienda moja kwa moja kwenye michoro, nikafurahi. Daktari alienda moja kwa moja kwenye mahali nondo alipopatikana, akatafuta kalamu. Mhariri wa huko, mtu mwangalifu bila shaka, alikuwa ametafuta Kaloleni kwenye ramani, akaipata ile nyingine iliyo Pwani, na kwa kutusaidia akaongeza kwamba nondo huyu anaishi kwenye minazi na joto. Daktari aliandika kuwasahihisha. Masahihisho yalichapishwa baada ya muda mrefu, kwa herufi ndogo, mahali ambapo mtu husoma akiwa amekosa kabisa kitu kingine cha kusoma. Vijana, mkiandika kibandiko, andikeni mtaa, mji, na jirani wa mtaa. Hata hivyo atatokea mtu wa kuwasaidia.

Ua nao ulikufa wote. Tulikuwa tumeuacha uliwe, ukaliwa. Kwa muda nilidhani tumemmaliza nondo pamoja na chakula chake, na nilizunguka mitaa ya Eastlands nikikagua kayaba za watu mpaka nikashukiwa kuwa mwizi. Nilimpata tena mtaa wa Baba Dogo, kwenye ua wa karakana moja ya kutengeneza fremu za vitanda. Mlinzi alinikataza kukata tawi lolote bila idhini. Nilipomwonyesha mdudu, alinipa panga.

Karani wa mtaa alirudi Kaloleni kuuliza ni lini ua mpya utapandwa kati ya nyumba zile mbili. Mama alimwambia amuulize Baba Njeri. Baba Njeri alimwambia amuulize Mama Risper. Alienda na kurudi hivyo mpaka akachoka, na hakuna kilichopandwa. Mzee akawa anakunywa chai ya asubuhi jikoni kwa Mama, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumzuia.

Karibu mwisho wa miaka ya themanini, mtaalamu mmoja kutoka ng’ambo alishuka kwetu akiwa ameungua jua. Alikuwa ametoka Pwani, alikomtafuta nondo wetu kwenye minazi, na alikuwa tayari kuandika kwamba ametoweka duniani. Daktari Mutiso, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake yote, kisha akaniambia nimpeleke nyumbani Kaloleni, alikopatikana kwanza, kabla ya Baba Dogo.

Nilimpeleka Jumamosi. Mzee Gathogo alikuwa ameketi karibu na jiko, Mama akigeuza samaki. Nikawajulisha. Mgeni alitoa kitabu chake na kalamu, akaniomba niwaulize ua ulipita wapi hasa, apime.

“Ulipita hapa,” Mzee akasema, akionyesha kwa fimbo.

“Hapana,” Mama akasema. “Hapo ni mbali. Ulipita hapa nilipoweka maji.”

“Mama Risper, mimi ndiye niliupanda.”

“Na mimi ndiye nilishtakiwa kwa ajili yake. Naweza kusahau?”

Mzee alisimama, akaenda hatua kadhaa, akageuka, akarudi. Mama naye aliacha mwiko akamfuata. Walizunguka pale kwenye udongo, wakionyeshana, kila mmoja akiusogeza mpaka wa ua kuelekea upande wake ili mwenzake abaki na nafasi kubwa zaidi. Mgeni alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Mwisho nikamletea kiti na kipande cha samaki, nikamwambia aweke kitabu mfukoni.